Mtoto Dhaifu ni Amana



Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia amerudishwa nyumbani kutoka hospitali. Wengine husema, "Mungu akitaka ataishi," kisha hukaa tu. Hiyo si tawakkul. Siku zake hatukuonyeshwa. Wajibu wetu tumeonyeshwa.

Mtoto wa chini ya kilo 2.5 hupoteza joto upesi, na usiku wa Kpandroma una baridi. Mama amfunge kifuani, ngozi kwa ngozi, kama walivyoanza huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Baba naye aweza.

Wewe jirani, usiombe kumpakata. Mletee mama kuni na maji.

Akiishi, Alhamdulillah. Akirejea kwa Mola, tutaulizwa tulivyomtunza, si miaka aliyoishi.

Allah atuwezeshe. Amin.