Tuchungane, Tusichunguliane

Masomo: Matendo ya Mitume 6:1-7, Wagalatia 6:1-5

Tunawasalimu nyote: mlioketi ibadani leo, mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja kanisani, na ninyi mnaosoma ujumbe huu nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au kukosa usafiri.

Katika Biblia, swali la kwanza ambalo mwanadamu alimuuliza Mungu ni la Kaini. Aliulizwa nduguye yuko wapi, naye akajibu kwa kuuliza kama kumlinda ndugu yake ni kazi yake (Mwanzo 4:9). Mungu hakubishana naye. Alimwambia kwamba damu ya Habili inalia kutoka ardhini. Basi tujue kwamba Mungu anapotuuliza habari za ndugu yetu, anatarajia tuwe na jibu.

Tulitazame kanisa la Yerusalemu. Lilikuwa kanisa lenye moto. Watu waliuza mali zao ili mwenzao asipungukiwe. Hata hivyo, katika sura ya 6 tunasikia manung'uniko. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Hawa walikuwa watu wenye asili ya ughaibuni, waliokuja Yerusalemu na lugha nyingine. Luka hasemi kwamba kuna mtu aliyekusudia kuwanyima chakula. Anasema walisahauliwa. Kanisa linaweza kuimba vizuri, kuomba vizuri na kukua haraka, na bado mjane akalala njaa kwa sababu hakuna aliyemkumbuka.

Mitume walifanya nini? Hawakuwakemea walionung'unika wala kuwaambia wavumilie. Waliita mkutano wote, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani, na Nikolao hakuzaliwa Myahudi, alikuwa mwongofu wa Antiokia. Kazi ilikabidhiwa watu ambao wajane wale wangeweza kuzungumza nao. Na mstari wa 7 unasema neno la Mungu likaenea. Kugawa chakula kwa haki hakukuizuia Injili, kuliifungulia njia.

Wapendwa, sisi nasi ni kanisa la lugha nyingi. Kiswahili kinatukutanisha, lakini wako mama zetu ambao Kirundi au Kibembe ndiyo lugha ya moyo wao, na Kiswahili chetu cha ibadani kinawapita. Watoto wao wako kazini na shuleni mchana kutwa. Kule nyumbani, jirani asipoona moshi wa jiko asubuhi atakuja kupiga hodi. Hapa Marekani hakuna moshi wa kutazama. Mlango wa apatimenti umefungwa, theluji iko nje, na mtu anaweza kuumwa siku tatu bila jirani wa ukuta mmoja kujua. Kwa hiyo kuulizana hali, jambo lililokuja lenyewe kule tulikotoka, hapa ni lazima tulipange.

Lakini tuelewane. Kuchunga si kuchungulia. Anayechungulia anataka kujua nani amegombana na mkewe, nani hana karatasi, mtoto wa nani ameacha shule, kisha habari ifike kwenye kundi la WhatsApp kabla ya jua kuchwa. Anayechunga anataka kondoo arudi zizini akiwa mzima. Wengi hawasemi shida zao kwa sababu wanaogopa midomo yetu. Siri tuliyoambiwa wakati wa maombi ibaki palepale.

Paulo anatufundisha namna ya kumwendea aliyeanguka: kwa roho ya upole, huku kila mtu akijiangalia mwenyewe. Neno la Kiyunani alilotumia kwa kumrejesha mtu huyo ndilo lililotumika kwa wana wa Zebedayo walipokuwa wakitengeneza nyavu zao (Marko 1:19). Mvuvi hautupi wavu kwa sababu umechanika tundu moja. Huketi nao mapajani akashona taratibu. Ndivyo tumwendee kijana aliyeanza kulewa na baba aliyeacha kuja ibadani. Tumwendee yeye mwenyewe kwanza, faraghani, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18:15.

Paulo anasema tena kwamba tuchukuliane mizigo, na mistari mitatu baadaye anasema kila mtu atabeba furushi lake. Je, anajipinga? La. Neno la kwanza ni uzito unaomlemea mtu, la pili ni mzigo wa kawaida ambao kila mmoja anaumudu. Kodi ya kila mwezi ya mwenye nguvu na kazi ni furushi lake. Msiba, ugonjwa, kufukuzwa kazi, hivyo ni uzito. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mpaka tuutie mkono ndipo tunajua kama ni usufi au ni mawe.

Basi tufanye haya:

1. Kila familia ichukue familia mbili za kuziangalia, moja iwe ya lugha au nchi nyingine. Asiyeonekana Jumapili mbili, tumpigie simu na kusikia sauti yake. Asipopokea, tumbishie hodi.

2. Vijana mnaosoma Kiingereza vizuri, wasaidieni wazee kufungua barua zao. Barua ya msaada wa chakula au ya bima ya afya huwa na tarehe ya mwisho. Na asiye raia anapohama, kwa kawaida ana siku 10 tu za kuijulisha Idara ya Uhamiaji anwani yake mpya.

3. Mwenye gari na kiti kitupu asije ibadani na kiti kitupu.

4. Jambo likiwa kubwa kuliko sisi, tusilifunike kwa jina la maombi. Mtu akipigwa nyumbani na maisha yake yako hatarini, piga 911. Mtu akifikiria kujiua, piga 988, wakati wowote, kisha tukae naye. Kuomba na kupiga simu havipingani.

Wala tusiwaachie wachungaji na wazee peke yao. Paulo aliwaambia wazee wa Efeso wajitunze nafsi zao kwanza, kisha kundi lote (Matendo 20:28). Mchungaji naye huchoka, na mara nyingi hakuna anayemuuliza amelalaje.

Tuombe. Baba yetu, wewe husinzii wala hulali katika kututunza. Tupe macho ya kumwona aliyesahauliwa, miguu ya kumfikia, na midomo ya kutunza siri yake. Utakapotuuliza ndugu yetu yuko wapi, tuwe tunajua. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.