Kata Isiyofika Chini

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Methali hii huchukulia kwamba kata hufika popote maji yalipo, lakini mapafu ya mwanadamu si mtungi wa namna hiyo. Njia ya hewa ikiingia kifuani hugawanyika, kisha hugawanyika tena, takriban mara 23, hadi kwenye vifuko vidogo vya hewa. Mwaka 1897 daktari Mjerumani, Gustav Killian, alipitisha mrija mgumu kooni mwa mgonjwa na kumtoa kipande cha mfupa kilichokwama. Mwaka 1966 Shigeto Ikeda wa Japani akauonyesha ulimwengu bronkoskopi inayopindika. Hata hivyo, doa lililo pembezoni mwa pafu hukaa katika matawi membamba kuliko chombo chenyewe. Ndiyo maana leo daktari huongozwa na ramani itokanayo na picha za CT, na mawimbi ya sauti, hata na mkono wa roboti. Zana hizo huongeza uwezo wa kufika, wala haziondoi uwezekano wa kukosa.

Hapo ndipo swali la maadili linapoanzia. Tuchukue mfano wa mama mzee aliyezaliwa Mombasa na anayeishi Birmingham, ambaye picha ya kifua imemwonyesha na doa dogo. Huenda ni saratani. Huenda ni kovu la kifua kikuu cha ujanani. Sampuli imechukuliwa, na daktari anaeleza kwa Kiingereza kwamba saratani haikuonekana. Binti, aliyeketi kando kama mkalimani, anamgeukia mzazi wake: "Mama, hakuna kitu. Alhamdulillahi."

"Haikuonekana" ni habari ya mkono uliotafuta. "Hakuna" ni habari ya mwili wa mgonjwa. Yamkini sindano ilichota kando ya doa. Binti hakukusudia uongo; ametenda alivyolelewa, kumpunguzia mzazi mzigo. Lakini aliyeambiwa hakuna kitu haoni sababu ya kurudi kupigwa picha nyingine. Wala hapati nafasi ya kukubali au kukataa uchunguzi wa pili, kwa mfano sindano ya kupitia ubavuni, ambayo yaweza kuvujisha hewa kifuani na kulifanya pafu linywee.

Katika kesi ya Montgomery ya mwaka 2015, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwawajibisha madaktari kumweleza mgonjwa hatari zenye uzito kwake pamoja na njia mbadala. Hukumu hiyo humfunga daktari. Haimfikii binti anayetafsiri.

Atakayemtetea binti atasema kwamba kwetu habari nzito hupokewa na jamaa kwanza, na kwamba kusitiri ni huruma. Hoja hiyo ina uzito pale ugonjwa unapojulikana na jamaa wamekubali kuubeba. Hapa hakuna kilichojulikana. Kinachositiriwa ni shaka, na shaka humdai mtu uamuzi. Mwenye kustahili kuamua ni mwenye kifua.

Wala Kiswahili hakimlazimishi binti kuchagua kati ya ukatili na faraja ya uongo. Angeweza kusema, "Mama, wametafuta, hawajaona." Silabi moja ya -ja- ingemwachia mzee matumaini yake, na ingemwachia pia haki ya kuuliza kama kata ilifika chini.