Rangi Juu ya Ubao Uliooza

Je, mtu anaweza kusema neno la kweli na bado akawa mwongo? Nilikutana na swali hili kabla sijalisikia darasani. Nililikuta nyumbani, Rumonge, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na aliyeniuliza alikuwa mtu aliyetaka kununua boti yetu.

Boti hiyo ya mbao aliinunua marehemu baba. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka alivyoichagua. Hakuitazama rangi. Alipiga magoti ndani yake, bisibisi mkononi, akachoma pale mataruma yanapokutana na mkuku, kwa sababu maji ya mvua hutuama hapo na uozo huanzia hapo. Akagonga ubao mmoja mmoja kwa nyundo: mzima huitika, uliooza hunyamaza. Akatafuta weusi kuzunguka misumari, maana chuma kikishika kutu huharibu na mti ulio jirani yake. Mwisho akaukagua ubao wa nyuma, ule unaobeba injini.

Ukali huo ulikuwa na sababu. Ziwa letu lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake kinazidi mita 1,400. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Agosti, upepo wa kusini hulipitia kwa urefu wake, na mawimbi hupata nafasi ndefu ya kukua. Ubao mmoja ukiachia katika maji hayo, abiria hana pa kukanyaga.

Kuitunza kulikuwa kazi isiyokwisha. Kila mwaka ilipandishwa nchi kavu, ikakwanguliwa na kutiwa kalafati ya pamba kwenye maungio. Haikuachwa juani siku nyingi, kwani mbao zikikauka husinyaa na maungio hufunguka. Ubao ulioharibika ulitolewa, ukawekwa mwingine wa mvule.

Baba alipofariki, boti ilikaa ufukweni zaidi ya mwaka, mvua ikiingia. Baba mdogo aliamua iuzwe ili nipate ada ya chuo. Nilichukua bisibisi ya baba nikachoma pale pale alipokuwa akichoma. Ikazama hadi kwenye mpini. Nilimwambia baba mdogo, akanyamaza. Kesho yake alikuja na lami na rangi ya buluu.

Mnunuzi alitoka Nyanza-Lac. Aliizunguka boti, akaisifu, kisha akanigeukia. "Kijana, wewe ni mtoto wa marehemu. Niambie, boti hii inahimili ziwa la Julai?" Nikamjibu, "Mzee, nimevuka nayo Julai nyingi." Akatabasamu, akatoa malipo ya kwanza.

Hakuna neno la uongo katika jibu langu. Hata hivyo nilijua atakachokielewa, na ndicho nilichotaka akielewe. Ndiyo maana nasema kwamba uongo haukai katika neno. Unakaa katika kile tunachokusudia mwenzetu akiamini huku sisi wenyewe hatukiamini.

Wapo watakaosema kwamba mnunuzi ana macho, na wajibu wa kukagua ni wake. Nakubali kwamba ana wajibu. Lakini lami ile ilipakwa ili kuyashinda macho yake. Hatuwezi kumfunga mtu kitambaa usoni, kisha tukamlaumu kwa kujikwaa. Wengine watasema shida haina adabu, na ada ilikuwa shida ya kweli. Nalo nakubali. Lakini shida yangu ilinipa haki ya kuomba msaada, kukopa au kusubiri. Haikunipa haki ya kumlipisha abiria ambaye hakuwapo tulipokuwa tukipatana bei. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Naongeza: ukiupaka ufa rangi, ukuta utamwangukia mwingine.

Chuoni baadaye tulisoma habari ya merikebu ya Theseus, ambayo Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi kwa kuondoa mbao zilizooza na kuweka mpya. Wanafalsafa huuliza kama merikebu hiyo bado ni ile ile. Wenzangu walibishana juu ya mbao. Mimi nilimwaza abiria. Yeye hajali kama ubao ni wa mwaka huu au wa miaka ishirini iliyopita. Anachouliza, bila kufungua kinywa, ni kama mwenye boti amepaangalia mahali ambapo yeye abiria hawezi kupaangalia. Boti ya baba ilibaki ile ile kwa kila ubao aliobadilisha, kwa sababu jibu la swali hilo halikubadilika. Ilikoma kuwa boti yake siku tulipoipaka rangi, ingawa hatukuondoa hata ubao mmoja.

Usiku ule sikulala. Alfajiri nilimfuata mnunuzi kabla hajamaliza kulipa, nikampa bisibisi na kumwonyesha mahali. Alichoma mwenyewe. Hakunifokea. Alikata bei zaidi ya nusu, akaleta fundi aliyebadilisha mataruma manne. Mimi nilianza chuo mwaka mmoja nyuma ya wenzangu.

Baba mdogo hunisalimu, lakini hanikaribishi tena kukaa. Simlaumu peke yake. Yeye alipaka kwa brashi, mimi nilipaka kwa ulimi. Na rangi yangu ndiyo iliyomfanya mnunuzi atoe fedha.