Jabia Haitengenezi Maji: Siri ya Utauwa

Maandiko ya kusoma: 1 Timotheo 3:14–16, Yeremia 2:13, 2 Petro 1:3, Kolosai 2:20–23



Kuna swali ninaloulizwa mara nyingi baada ya ibada, hasa na vijana wetu: "Pasta, nikifunga siku ngapi ndio nitakuwa mtu wa Mungu kweli?" Mwingine huuliza aombe saa ngapi usiku, mwingine avae vipi. Ni maswali ya watu wenye kiu ya Mungu, na siwalaumu. Lakini yote yana wazo moja ndani yake, kwamba utauwa ni kitu ninachotengeneza mimi mwenyewe nikitia bidii ya kutosha. Wazo hilo ndilo tulilolipima Jumapili iliyopita, na leo nakuomba ulisome tena polepole ukiwa nyumbani.

Utauwa ni kumcha Mungu kwa moyo na kwa mwenendo. Ni maisha yanayomwelekea Mungu, Jumapili kanisani na Jumatatu sokoni. Paulo anamwandikia Timotheo, kijana aliyeachiwa kanisa la Efeso, amweleze jinsi watu wanavyopaswa kuishi katika nyumba ya Mungu. Anamwambia utauwa una siri, tena siri kubwa. Hapo wewe na mimi tungetegemea orodha: funga hivi, omba hivi, usile hiki.

Lakini hebu angalia vizuri mstari wa 16. Paulo hatoi orodha ya kazi zetu. Anatoa habari za Mtu mmoja. Alikuja katika mwili wa kibinadamu. Roho akathibitisha haki yake. Malaika wakamwona. Habari zake zikapelekwa kwa mataifa. Watu duniani wakamwamini. Akapokelewa juu kwa utukufu. Mambo sita, na kiini cha yote ni Yeye. Hata pale watu wanapotajwa, kazi yao ni kumhubiri na kumwamini tu. Kwa hiyo siri ya utauwa sio mbinu. Siri ya utauwa ni Yesu Kristo. Petro naye anasema uweza wake Mungu ndio uliotupa kila kitu tunachohitaji kwa uzima na utauwa. Ametupa, hatukununua.

Sisi wa visiwa hivi tuna mfano karibu. Ukienda Faza, Kizingitini au Ndau utakuta jabia, zile sakafu na matangi ya kukinga maji ya mvua. Watu wametegemea maji hayo miaka mingi. Jabia ni kitu kizuri. Inahitaji kusafishwa, kuzibwa nyufa na kulindwa mifugo isiingie. Lakini kati ya mwaka 2020 na 2022, mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo sehemu nyingi za Kenya, tulijifunza somo. Unaweza kuifagia jabia kila asubuhi, ukaipiga plasta mpya, ukaizungushia ua, na bado usipate hata ndoo moja. Kazi yake ni kupokea. Maji yanatoka juu.

Wapendwa, kufunga ni jabia. Mkesha ni jabia. Zaka, kusoma Neno, kuja ibadani, vyote ni jabia. Tunavihitaji! Mtu asiyekinga hata tone, mvua ikinyesha itampita. Lakini siku nitakayoanza kuiomba jabia initengenezee maji, nimeshaiacha chemchemi. Hayo ndiyo malalamiko ya Mungu kwa kinywa cha Yeremia: watu wake walimwacha Yeye aliye chemchemi ya maji ya uzima, wakajichimbia mabirika yao wenyewe, tena yaliyopasuka.

Nilisoma biashara chuoni, na pale kuna swali huwezi kulikwepa: mtaji umetoka wapi? Duka linaweza kuwa na rafu zilizojaa na wateja mlangoni, kumbe mtaji ulishaliwa na mwenye duka anaishi kwa kukopa huku na kule. Ukitazama kwa nje hujui. Hesabu ndiyo inayosema. Mkristo pia anaweza kuwa na shughuli nyingi sana madhabahuni na ndani hana kitu. Paulo alimwonya Timotheo kuhusu watu wa namna hiyo, wenye sura ya utauwa lakini wanaokataa nguvu zake.

Vuka mpaka Manda ukaone Takwa. Mji ule ulistawi takriban karne ya 15 hadi ya 17, halafu wenyeji wakauhama. Sababu zinazotajwa ni zaidi ya moja, na mojawapo ni kwamba maji ya visima yaliingia chumvi. Kuta za mawe zipo hadi leo. Wakaaji ndio hawapo. Mtu anaweza kubaki na kuta za dini hivyo hivyo.

Sasa nitasema jambo gumu. Msitu wa Shakahola hauko mbali nasi, ni huko Kilifi, upande wa Malindi. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa pale, na mingi ilikuwa ya watoto. Inaelezwa kwamba watu wale waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie alifikishwa mahakamani, na hukumu ni ya mahakama, si yangu. Lakini kanisa haliwezi kunyamaza kuhusu fundisho lenyewe. Mtu akishaamini kwamba njaa ndiyo inayomfikisha kwa Mungu, ataacha wapi? Siku tatu hazitoshi, zitakuwa saba. Saba hazitoshi, yatakuwa maji pia. Wakolosai 2 inasema wazi kwamba kuutesa mwili kunaonekana kama hekima, lakini hakuna nguvu ya kuzuia tamaa. Yesu alikwisha kuja kwetu katika mwili. Hahitaji tuuangamize wetu ndipo tumfikie.

Kwa hiyo nasema bila kuficha: mtu yeyote, hata akiwa mchungaji, hata nikiwa mimi, akikuambia uache kumpa mtoto chakula au uache dawa za hospitali ili upate utakatifu, usimfuate. Toka hapo, uwaambie wazee wa kanisa na mamlaka.

Je, utauwa wa kweli unaonekanaje? Mwaka 1929, Joe Church, daktari mmisionari wa hospitali ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka na kukata tamaa. Kazi yake ilikuwa njema, lakini ndani alikuwa amekauka. Pale Namirembe akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, aliyekuwa na kiu ile ile. Wakakaa pamoja na Biblia na kuomba wajazwe Roho. Katika miaka ya 1930 uamsho ukaenea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika. Na watu waliookoka walijulikana kwa nini? Waliungama dhambi na kurudisha vitu walivyoiba. Hakuna aliyewauzia njia hiyo. Maji yalipofika, yakatiririka mpaka mfukoni.

Nasi tupimane hapo. Je, mizani yako ya samaki ni ya haki? Simsim unayonunua kwa mkulima wa Hindi unaipima kwa kipimo kile kile unachouzia? Jirani yako Mwislamu, ambaye hajawahi kuisikia mahubiri yetu ila kelele za spika, anaweza kukuachia duka lake ukaliangalia? Mke wako anaona nini mlango ukifungwa? Kama majibu yanakuchoma, usikimbilie kuongeza siku za kufunga. Mkimbilie Yesu kwanza. Mwambie ukweli. Halafu funga, kwa kiasi na kwa ushauri, kama mtu anayekinga mvua, huku ukikumbuka Isaya 58: mfungo anaoupenda Mungu unamlisha mwenye njaa.

Wiki hii soma 1 Timotheo 3:16 kila asubuhi. Kabla ya kumwambia Mungu utamfanyia nini leo, mshukuru kwa yale ambayo Kristo ameshafanya.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe ndiwe chemchemi. Tusamehe kwa kujivunia jabia zetu. Ziba nyufa, nyesha mvua yako juu yetu, na jirani zetu wapate kunywa. Wafariji waliopoteza wapendwa wao Shakahola. Katika jina lako, Amina.