Bei ya Haki ni Ipi?

Tumeletewa barua na ndugu yetu mmoja aliyekuwa akihudhuria darasa letu hapa Mombasa, na ambaye sasa kazi imempeleka bara, Kapkatet, katika nchi ya chai ya Kericho, njia ya kutoka Litein kwenda Sotik. Ametuuliza suali ambalo kwa kulitazama juu juu ni dogo. Tulipolileta mbele ya darasa tulikaa nalo masiku matatu, kwa sababu kila mmoja wetu alijiona ndani yake. Basi tumeonelea tumjibu hapa hadharani, ili faida ienee.

Khabari yenyewe ni hii. Ndugu yetu ana kompyuta ya kupakata, ile iitwayo laptopu, aliyoinunua mpya mwaka 2016 kwa shilingi 65,000. Sasa amepata nyingine, na hii ataka kuiuza. Jirani yake, mzee wa Kikipsigis mwenye shamba dogo la chai, amtafutia laptopu binti yake aliyepata nafasi ya chuo. Mzee hana ujuzi wa vyombo hivi. Aliuliza tu ilinunuliwa kwa bei gani, na alipoambiwa akasema kwa ulimi wake mwenyewe: "Nitakupa 22,000 nikilipwa fedha za chai."

Na ndugu yetu ajua mambo matatu asiyoyajua mzee. La kwanza, laptopu za namna ile na umri ule, zikiwa nzima, madukani Nairobi na Mombasa ameziona zikiuzwa kwa kiasi cha 14,000. La pili, betri yake imechoka, haikai na chaji zaidi ya dakika ishirini, na fundi ametaka 3,500 kuibadilisha. La tatu, programu yake kuu ni Windows 10, ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kuipa matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025; na mashine za umri ule hazimo katika orodha ya zinazokubaliwa rasmi kupokea Windows 11. Asema ndugu yetu: "Je, nikizitwaa hizo 22,000 ni halali yangu? Nami sikusema uwongo hata neno moja."

Yatupasa kwanza tumpe haki yake. Sharia haikuweka kiwango cha faida. Watu wa Madina walipomtaka Mtume (S.A.W.) awawekee bei wakati vitu vilipopanda, hakukubali, kwa kuchelea kukutana na Mola wake hali yuko mtu anayemdai dhulma ya damu au ya mali. Na katika madhehebu yetu ya Kishafi, mtu kupunjika peke yake, pasipokuwa na hadaa wala kufichwa ila, hakumpi ruhusa ya kuvunja biashara. Basi mwenye kutaka pa kujificha atapapata. Walakin yale ambayo kadhi hawezi kuyavunja ni jambo moja, na yale ambayo mtu husalimika nayo mbele ya Mola wake ni jambo jingine. Na ndugu yetu hakutuuliza khabari ya kadhi.

Hoja yake ya kwanza ni zile 65,000. Asema kwamba mtu aliyetoa fedha nyingi hivyo, akiuza kwa 22,000, ni kama aliyetoa sadaka. Sisi twamwambia kwamba zile 65,000 hazikupotea, amekwisha kuzila. Miaka yote ile aliyoandikia, akahesabia, akapelekea barua na kufanyia kazi yake, ndiyo malipo yake. Aliyekula halua hata sahani ikabaki robo hawezi kumtaka mwenziwe bei ya sahani nzima, wala kumhesabia ile robo kwa njaa aliyokuwa nayo yeye mwanzo. Bei iliyolipwa jana yatueleza khabari ya mnunuzi wa jana. Haituelezi chombo hiki hii leo kina nini. Na zaidi ya hayo, mzee alipouliza bei ya kwanza aliuliza kwa kuwa hana kipimo kingine, na ndugu yetu akamjibu kweli akanyamaza. Neno la kweli likitiwa pahali ambapo lajulikana litampoteza mtu, hufanya kazi ile ile ya uwongo.

Hoja ya pili ni ridhaa: mzee ameitaja bei mwenyewe. Ni kweli kwamba biashara ni ridhaa, lakini mtu huridhia kile akijuacho. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwa mwenye fungu la chakula, akatia mkono ndani yake, akakuta chini kuna unyevu. Mwenyewe akasema kwamba ni mvua iliyokinyea. Mtume hakumuuliza kama amesema uwongo. Alimkemea kwa kuuweka ule unyevu chini, watu wasiuone. Tena amekataza kuwalaki wenye misafara nje ya mji na kununua mali yao kabla hawajaijua bei ya soko, na mwenye mali akifika sokoni akaona amepunjwa, amepewa khiyari. Nao walikuwa wameridhia! Basi twafahamu kuwa ridhaa ya asiyejua si ngao ya anayejua. Kadhalika maneno ya siku hizi ya kusema "nauza kama ilivyo": kwa Mashafi maneno hayo hayamtoi muuzaji katika lawama ya ila aliyoijua akaificha.

Hoja ya tatu ni umbali. Asema Kapkatet si Nairobi, na kitu kikiwa mbali na soko hupanda bei. Hapa ana sehemu ya haki, nasi tutampa sehemu yake mbele. Lakini na asikilize kisa alichokitaja Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya. Yunus bin Ubaid alikuwa muuza nguo huko Basra, ana nguo za 400 na nguo za 200. Alimwacha mwana wa nduguye dukani akaenda kusali. Akaja bedui akataka nguo ya 400, kijana akamwonyesha ya 200. Bedui akaipenda, akalipa 400 akaenda zake. Yunus akakutana naye njiani, akaijua nguo yake, akamrudisha. Bedui akasema kwamba kwao nguo ile yauzwa 500, naye ameridhika nayo. Yunus hakukubali mpaka amemrejeshea 200 zake; kisha akamgeukia kijana na kumlaumu kwa kutompendelea mwenziwe lile analojipendelea nafsi yake. Tazameni, hoja ya umbali na hoja ya ridhaa zote mbili zilitolewa siku ile, tena zilitolewa na mnunuzi mwenyewe, wala hazikumtosha mtu mwenye kumcha Mungu.

Na iko hoja ya nne. Ndugu yetu hakuiandika, lakini sisi tuliisikia darasani kwetu, ikasemwa kwa sauti ya chini: kwamba huyo ni mtu wa bara, wala si katika dini yetu. Hili lazima tuliseme kwa sauti ya juu. Hadaa ni haramu kwa kila mtu. Unyevu wa chini ya fungu haugeuki ukavu kwa kuwa mnunuzi ana dini nyingine. Mwislamu ambaye mizani yake yategemea jina la mnunuzi hana mizani. Ana mawe mawili mkobani, moja la kununulia na moja la kuuzia, na Sura ya Mutaffifin yawakhusu watu wa namna hiyo.

Tena sisi watu wa Mombasa tuna sababu zaidi ya kuona haya. Chai ya viwanda vya Kericho na Bomet huletwa mjini kwetu kuuzwa. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na hata leo uko hapa. Katika mnada huo hapana anayetoa senti kwa kubahatisha. Kabla ya siku ya kuuza, wanunuzi hupelekewa sampuli, na waonjaji wao hutazama majani, hutia maji ya moto, huonja kikombe baada ya kikombe, ndipo waseme bei. Basi mali ya mzee yule yafunguliwa hadi tone la mwisho mbele ya wanunuzi wake. Na chombo kinachopanda kutoka bandarini kwetu kwenda kwake hutakiwa akinunue hali kimefungwa, bila ya kukionja. Ni uadilifu gani huu?

Sasa tumjibu: bei ya haki hupatikanaje? Twasema kwamba ni bei ambayo mnunuzi angeikubali lau angejua yote ayajuayo muuzaji, na muuzaji angeikubali lau mnunuzi angekuwa nduguye wa tumbo moja. Njia yake ni nyepesi kwa mwenye kuitaka.

Kwanza, itafutwe bei ya mfano, yaani vyombo mithili ya hicho, vya umri huo na nguvu hiyo, huuzwa kwa kiasi gani. Waulizwe wauzaji watatu, wala si mmoja. Na iulizwe bei iliyolipwa, si ile iliyotajwa ili ipunguzwe.

Pili, chombo kifunguliwe mbele ya mnunuzi, au mbele ya mtu wake anayejua, na hapa binti mwenyewe ndiye afaaye kuitwa. Chaja iondolewe, waone betri yadumu muda gani. Tena Windows yenyewe yaweza kutoa taarifa ya nguvu ambayo betri iliundwa nayo na nguvu iliyobaki. Itazamwe diski, ni ya kuzunguka au ni ya SSD, na memori ni kiasi gani, kwani hayo ndiyo yatakayomfanya binti asome au alie. Vijaribiwe vitufe vyote, bawaba, kioo na kamera. Na kabla ya yote, ijulikane kuwa ni mali ya muuzaji, wala haikutoka kwa mwizi, wala haina kufuli la ofisi ya mtu. Maana cha wizi hakina bei ya haki hata kikiuzwa kwa shilingi moja.

Tatu, ila ziondolewe katika bei. Betri ya 3,500 yaondoa 3,500 katika 14,000, zabaki 10,500. Ama khabari ya Windows, hatuoni ipunguzwe mara ya pili, kwa sababu wauzaji wa mijini waijua, na ile 14,000 imekwisha kuihesabu. Lakini kuisema ni wajibu, kwani huenda chuo chataka programu isiyokwenda nayo. Na kama hakitaki, yaweza kutiwa Ubuntu, ambayo haina malipo.

Nne, muuzaji apewe haki ya umbali. Mzee ameepushwa nauli na usumbufu wa siku nzima. Basi na iongezwe 1,500. Hatuoni kuzidisha hapo, kwani duka aghalabu humpa mnunuzi dhamana ya miezi kadhaa, na jirani hatoi dhamana. Jumla ni 12,000.

Baina ya 12,000 na 22,000 kuna 10,000. Ndugu yetu huenda akaziona ni fedha za mwezi mmoja tu. Na azipime kwa mizani ya mwenziwe. Tukichukua kwa mfano kwamba mkulima hulipwa shilingi 25 kwa kilo ya majani mabichi, 10,000 ni kilo 400, zilizochumwa kwa mkono, majani mawili na chipukizi moja, katika baridi ya asubuhi, zikabebwa mgongoni mpaka kituoni. Hicho ndicho ambacho kimya chake kingekichukua.

Wala tusiwageukie wauzaji peke yao, maana dhulma hii ina milango miwili. Jarir bin Abdallah, sahaba wa Mtume, alinunuliwa farasi kwa 300. Alipomwona akamwambia mwenyewe kwamba farasi wake ana thamani zaidi, akawa akiongeza mpaka akafika 800. Sisi je? Mmoja wetu, naye ametupa ruhusa tuandike, aliwahi kumkuta kijana hapa mjini auza laptopu yake nzima kwa sababu mamake amelazwa hospitali. Kijana alitaka 15,000. Ndugu yetu akaona shida machoni pake, akasema 4,000, akazipata. Akarudi barazani akisema ameokota, nasi tukacheka pamoja naye. Hapana hata mmoja wetu aliyemuuliza yule kijana alikwendaje hospitali na 4,000.

Barua ya Kapkatet iliposomwa darasani, ndugu huyo aliondoka kabla ya kumalizika. Tangu siku ile amekuwa akimtafuta yule kijana amtimizie haki yake. Namba ya simu haipatikani, na nyumbani wameambiwa wamehama. Akikata tamaa ya kumpata itampasa azitoe fedha zile sadaka kwa niaba ya mwenyewe. Lakini ametuambia kwamba hayuko tayari kukata tamaa, nasi twamwombea. Bei ya haki kwake ingechukua dakika kumi za kuuliza. Kuirejesha sasa hajui itachukua miaka mingapi.

Basi ewe ndugu yetu wa Kapkatet, wewe bado hujapokea fedha, na mlango wako u wazi. Mwite mzee na binti yake, waketi, fungua chombo, waeleze yote, kisha taja 12,000. Akishajua yote akataka kukuzidishia kwa wema wake, hiyo ni hiba, na kula kwa furaha.

Wabillahi tawfiq.