Kishikwambi Kikiwaka, Nani Anafundisha?

Mzazi anayempeleka mwanawe shule ya msingi pale Mafubira, upande wa kaskazini wa jiji la Jinja, hamkabidhi kwa jengo wala kwa mtaala. Anamkabidhi kwa mtu. Siku mtoto akishindwa kusoma, mtu huyo ndiye atakayeulizwa, na kwa waumini ataulizwa mara mbili, hapa duniani na mbele ya Mungu. Juu ya jambo hili dini za mashariki mwa Uganda hazina ugomvi. Mbale kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988, na karibu na mji huohuo kuna chuo cha ualimu cha Nyondo chenye asili ya Kikatoliki. Iganga, katikati ya Jinja na Mbale, kuna Bishop Willis cha Waanglikana. Msomaji wa Waraka wa Yakobo anajua kwamba walimu wameonywa juu ya hukumu nzito kuliko ya wengine. Msomaji wa al-Ghazali anajua kwamba mwalimu ametakiwa amhurumie mwanafunzi kama mwanawe wa kuzaa, na ampe elimu kwa kadiri ya ufahamu wake. Siku hizi mafunzo ya walimu juu ya teknolojia darasani huzungumzwa kama suala la vifaa, umeme na bajeti. Mimi naona kwamba chini yake liko suala la amana. Je, mtu anaweza kuwajibika kwa kazi ambayo sehemu yake inafanywa na chombo asichoweza kukipima?

Jibu langu ni hapana, na kutokana na jibu hilo nadai kwamba mafunzo mengi ya teknolojia kwa walimu wetu yameanzia mahali pasipo pake. Yanamfundisha mwalimu kuwasha, kufungua, kuunganisha na kuonyesha. Hayamfundishi kuamua. Ilhali kinachomtofautisha mwalimu na mtu anayejua kompyuta ni uamuzi huo: leo, kwa watoto hawa, kwa somo hili, picha inayotembea itawasaidia kuona jambo ambalo ubao hauwezi kulionyesha, au itawaburudisha tu huku dakika zikipita? Aliyefunzwa vizuri anajua pia lini akizime kifaa. Mafunzo yasiyomfikisha hapo yamemwongezea ustadi wa mikono bila kumwongezea chochote katika ualimu wake.

Uganda ina sababu ya pekee ya kulifikiri hili kwa uzito. Ilifunga shule mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga kwa muda mrefu zaidi. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa. Masomo yakatangazwa redioni na kwenye runinga, yakachapishwa na kugawiwa kwa karatasi. Mengi yameandikwa juu ya nyumba zisizo na redio na vijiji visivyo na mtandao, na ni kweli tupu. Lakini hata pale redio ilipokuwepo na sauti ikasikika, kulikuwa na pengo jingine: redio haimwoni mtoto. Haijui kwamba yule wa pembeni ameacha kufuata tangu hesabu ya pili, na haiwezi kurudi nyuma kwa ajili yake. Tungetegemea kwamba funzo la miezi ile lingekuwa kuuthamini uwezo wa mwalimu wa kuona. Badala yake hamu kubwa iliyobaki ni ya vifaa. Tume ya Mawasiliano ya Uganda imekwisha kujenga maabara za kompyuta katika shule za sekondari zaidi ya elfu moja, na mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unamtaka mwanafunzi atafute, achunguze na atende. Hayo ni mema. Swali ni nani amemwandaa mwalimu kukaa katikati ya maabara hiyo na mtaala huo.

Ushahidi wa vifaa vinavyotangulia walimu tunao wa kutosha. Peru iligawa kompyuta ndogo za watoto kwa wingi kuliko nchi nyingi duniani, na utafiti uliotolewa mwaka 2012 kutoka shule zaidi ya 300 za vijijini haukuona tofauti katika hesabu wala katika lugha kati ya waliopewa na wasiopewa. Kompyuta zilitumika, ila ufundishaji ulibaki kama ulivyokuwa. Karibu nasi zaidi, ng'ambo ya mpaka katika kaunti ya Kisumu, mradi wa kusoma wa PRIMR, uliomalizika mwaka 2014, ulifanya jambo ambalo natamani kila mpangaji wa elimu alijue. Shule ziligawanywa katika makundi. Kundi moja, wanafunzi wenyewe walipewa vifaa vya kusomea; kundi la pili, walimu walipewa vishikwambi; kundi la tatu, vishikwambi walipewa wakufunzi wanaozungukia shule kuwatazama walimu wakifundisha. Watoto wa makundi yote matatu waliwapita wale ambao mradi haukuwafikia. Lakini makundi hayo hayakuachana kwa tofauti ya maana, ijapokuwa kumpa kila mtoto kifaa kuligharimu zaidi sana kuliko kumpa mkufunzi. Kenya ilipoeneza mpango wa Tusome nchi nzima kuanzia mwaka 2015, kishikwambi kilikwenda kwa ofisa anayekaa nyuma ya darasa, anayesikiliza watoto wachache wakisoma, kisha akazungumza na mwalimu juu ya alichokiona. Chombo kilifaa pale kilipomrudisha mwalimu kwenye mazungumzo na mwalimu mwenzake.

Wala hili si geni katika utamaduni wa elimu wa Waswahili. Kwa masheikh wa Lamu, Unguja na Mombasa, mtu hakuruhusiwa kufundisha kitabu kwa sababu anacho, wala kwa sababu alihudhuria darsa. Aliruhusiwa baada ya kukisoma mbele ya mwalimu, akasahihishwa, akarudia, mpaka mwalimu akaridhika naye na kumpa ijaza, na ijaza hiyo ilimtaja aliyemfundisha mwalimu huyo, na aliyemfundisha huyo naye. Kilichothibitishwa ni kwamba kuna mtu aliyemsikiliza na yuko tayari kubeba dhamana yake. Linganisha na cheti cha warsha ya siku mbili katika ukumbi wa hoteli: kinathibitisha kwamba mtu alitia saini kwenye orodha ya mahudhurio, akala chakula cha mchana na akapokea nauli. Simlaumu mwalimu anayekipokea; ndicho anachopewa. Nawalaumu wanaokiita maendeleo ya kitaaluma. Tanzania, kwa mpango wake wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, angalau imelitambua hili kwa kuweka kitovu cha mafunzo shuleni, walimu wakikutana na kujadili vipindi vyao wenyewe. Na Uganda haianzi sifuri. Tangu miaka ya 1990 mfumo wake wa kuendeleza walimu umekuwa na wakufunzi wa vituo, wakitoka katika vyuo kama Nyondo na Bishop Willis, ambao kazi yao ni kuzifikia shule zilizo chini ya kituo na kukaa na walimu. Mifupa ipo. Teknolojia ilipokuja haikutundikwa juu ya mifupa hiyo. Ililetwa kando, kama mradi wa watu wengine.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linatoka kwa wale wanaosema kwamba uamuzi wa mwalimu ndio tatizo lenyewe. Bridge, kampuni ya shule za binafsi, ilipoingia Uganda mwaka 2015, mwalimu wake alishika kishikwambi chenye somo lililoandikwa neno kwa neno: sema hivi, uliza hivi, subiri, andika. Kufikia mwaka 2016 zilikuwa shule 63, na Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaunga mkono amri ya serikali ya kuzifunga. Mahakama iliamua juu ya leseni na viwango. Haikuamua juu ya falsafa ya kishikwambi, na tusijifiche nyuma yake. Maana mwaka 2022 wanauchumi, akiwamo Michael Kremer aliyeshinda tuzo ya Nobeli mwaka 2019, walitoa matokeo kutoka shule za kampuni hiyo nchini Kenya: baada ya miaka miwili, watoto wa shule ya msingi walikuwa wamewatangulia wenzao kwa karibu mwaka mzima wa masomo. Hayo si matokeo ya kupuuzwa. Mtu anayejali watoto maskini hawezi kuyafukuza kwa neno moja la "utu". Na ukiongeza kwamba utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2013 uliona chini ya mwalimu mmoja kati ya watano wa shule za msingi Uganda akiwa na umahiri wa mambo anayotakiwa kuyafundisha, hoja inazidi kuwa kali: kwa nini tumwamini mwalimu kuliko andiko?

Najibu kwa hatua. Kwanza, katika shule zile andiko halikuwa peke yake. Kulikuwa na usimamizi wa karibu, vitabu vilivyofika, mwalimu aliyekuwepo na saa nyingi za masomo. Haijulikani kila kimoja kilichangia kiasi gani, na yote hayo, isipokuwa andiko, shule ya kawaida ya serikali ingeyafurahia. Pili, mwongozo ulioandikwa vizuri ni gongo zuri kwa anayeanza kutembea, na sina ugomvi na mwalimu mgeni kupewa gongo. Ugomvi wangu ni na mpango usiokusudia kamwe aliweke chini. Tatu, na hapa ndipo penye kiini: udhaifu wa maarifa ya mwalimu ni sababu ya kumfunza, kwa kuwa chombo hakiwezi kumwondolea haja ya kujua. Chukua somo la Kiswahili. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, na walimu wake ni wachache. Kishawishi cha kuwasha masomo yaliyorekodiwa ni kikubwa. Sasa mfikirie mwalimu asiyekijua Kiswahili amesimama mbele ya watoto wanaozungumza Lusoga nyumbani, sauti kutoka kwenye simu ikitamka sentensi nao wakiitikia. Mmoja akisema "watoto inacheza", ni nani atakayesikia kosa? Simu haisikii. Mwalimu anasikia, lakini hajui kwamba ni kosa. Darasa zima litaonekana linajifunza, na atakayewajibika ni mtu ambaye hakuwezeshwa kuona lolote. Huko ndiko kumbebesha mtu amana huku umemfunga macho, na ni dhuluma kwa mwalimu kabla haijawa dhuluma kwa mtoto.

Kuna jambo jingine linaloumiza zaidi kulisema. Kwa walimu wengi wa shule za serikali, teknolojia imewafikia kama jicho la mwajiri. Mfumo wa TELA wa Wizara ya Elimu unatumia simu kurekodi mahudhurio yao. Utoro wa walimu ni wa kweli, na mtoto aliyemkuta mwalimu hayupo ameibiwa. Serikali ina haki ya kuhesabu. Lakini atakayepanga mafunzo lazima aanze kwa kukiri jinsi chombo kilivyojitambulisha kwa mwalimu. Uamuzi mzuri hukua kwa mtu anayeruhusiwa kusema, mbele ya mkufunzi wake, "kipindi hiki kilinishinda", bila hofu kwamba neno hilo litaandikwa katika kumbukumbu za kumwadhibu. Kazi ya kuhesabu na kazi ya kufunza zisiwekwe mikononi mwa mtu mmoja.

Watakaosema kwamba tumbo hutangulia falsafa nao wana haki ya kujibiwa. Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni nne kwa mwezi, walimu wa masomo ya sanaa wakagoma, na yule wa shule ya msingi akaendelea na takriban laki tano. Tangu Julai 2021 bando la intaneti hulipiwa kodi ya asilimia 12. Na umeme, ambao bwawa la Jinja limeuzalisha tangu mwaka 1954, bado si jambo la hakika kwa shule nyingi za vijijini za Busoga na Bugisu. Anayemtaka mwalimu aandae somo kwa simu na bando lake mwenyewe anamtoza kodi juu ya kodi. Lakini kutazama kipindi cha mwenzako hakuhitaji bando. Kuuliza "mtoto gani hakuelewa, na ulijuaje?" hakuhitaji umeme. Sehemu ya mafunzo iliyo muhimu kuliko zote ndiyo iliyo nafuu, na kwa hiyo umaskini hauwezi kuwa udhuru wa kuiacha.

Ombi langu kwa maofisa wa elimu wa majiji ya Jinja na Mbale, na kwa mashirika yanayowafadhili, ni hili: likizo ijayo, kabla ya kukodi ukumbi na projekta, tengeni kwanza nauli ya wakufunzi wa vituo ya muhula mzima. Walimu wa shule jirani wapangiwe kutembeleana madarasani. Na cheti cha teknolojia kisitolewe kwa saini ya mahudhurio. Kitolewe kwa mwalimu aliyetazamwa akifundisha vipindi viwili, kimoja kwa kifaa na kingine bila kifaa, akaeleza kwa nini alichagua hivyo, na mkufunzi aliyemtazama akaandika jina lake chini.