Bega Lililoteguka Halivutwi Uwanjani

Kisa hiki nimekitunga kiwe mfano, lakini hakina jambo lisilotokea kwenye viwanja vya mitaani kwetu. Kipa mmoja, kijana wa miaka 24 ambaye kazi yake ni ufundi rangi, anaruka kuufuata mpira wa krosi. Anagongana na mshambuliaji hewani na kuangukia mkono wa kulia aliokuwa ameunyoosha. Anapoinuka, mkono haupandi wala haushuki. Ameushikilia chini ya kiwiko kwa mkono wa kushoto, jasho linamtiririka. Wenzake wanapomvua jezi wanaona bega limebadilika sura. Palipokuwa na mviringo pamekuwa bapa, na ncha ya mfupa imejitokeza juu.

"Hilo limeteguka," anasema shabiki mmoja, mtu mzima anayeheshimika mtaani. "Mlazeni, nilirudishe sasa hivi. Vumilia mdogo wangu, ni kidogo tu."

Kijana analazwa. Yule bwana anavua kiatu, anamwekea kisigino kwapani, anashika mkono kwa nguvu na kuvuta. Bega haliingii. Anaita wawili wamsaidie, wanavuta tena. Safari hii kunasikika mlio wa kitu kukatika, kijana anapiga ukelele, na watu wanashangilia wakidhani kiungo kimerudi mahali pake.

Nyumbani anakandwa kwa maji ya moto. Uvimbe unazidi, na siku ya tatu ndipo anapofikishwa hospitali. Picha ya eksirei inaonyesha kwamba kichwa cha mfupa bado kiko nje ya kiungo, na shingo ya mfupa huohuo imevunjika. Daktari anachukua kipande cha pamba na kumgusa ngozi ya upande wa nje wa mkono, chini kidogo ya bega. "Unasikia hapa?" Hasikii kitu.

Waliomvuta walikuwa watu wema. Walichokosa ni kujua wanavuta nini. Kwa hiyo tulitazame bega lenyewe.

Mifupa ya bega ni mitatu. Wa kwanza ni mtulinga, ule unaopapasika kwa kidole kuanzia chini ya koo hadi begani. Wa pili ni kombe la bega, mfupa bapa wa pembetatu ulio mgongoni. Wa tatu ni mfupa wa mkono wa juu, unaoanzia begani na kuishia kwenye kiwiko. Kati ya hiyo, ni mtulinga peke yake unaouunganisha mkono na kifua, mfupa kwa mfupa. Kombe halikushikana na mbavu kwa kiungo cha mfupa. Linashikiliwa na misuli, na misuli 17 imejishikiza kwake.

Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo, nacho kinakaa kwenye kishimo kidogo kilicho pembeni mwa kombe. Kishimo hicho ni kifupi mno, mfano wa chungwa lililowekwa juu ya kisosi. Ndiyo sababu tunaweza kuzungusha mkono, kujikuna mgongo, kurusha mpira na kupaka rangi dari. Ndiyo sababu pia bega huteguka mara nyingi kuliko kiungo kingine chochote kikubwa mwilini.

Kinachozuia kichwa kisichomoke ni gegedu lililozunguka ukingo wa kishimo, kifuko cha nyuzi ngumu, na misuli minne ambayo kano zake zimekikumbatia kiungo. Supraspinatasi hupita juu na huanzisha kazi ya kuinua mkono. Infraspinatasi na teresi ndogo ziko nyuma, huzungusha mkono kuelekea nje. Subskapularisi iko mbele ya kombe, kati yake na mbavu, huuzungusha kuelekea ndani. Juu ya yote kumelala msuli mnene wa deltoidi, unaolipa bega mviringo wake na kuupandisha mkono hadi juu.

Sasa turudi kwa kipa wetu. Mara nyingi sana bega linapoteguka, kichwa cha mfupa hutokea mbele na kushuka chini, kuelekea kwapani. Kwapani ndiko unakopita mshipa mkubwa wa damu ya mkono pamoja na neva nyingi. Mojawapo ya neva hizo, neva ya kwapa, huizunguka shingo ya mfupa wa mkono kutokea nyuma. Hiyo ndiyo inayouamuru msuli wa deltoidi, na ndiyo inayoleta hisia kwenye ngozi ile aliyoigusa daktari kwa pamba.

Neva hiyo inaweza kuumia katika anguko lenyewe, kabla mtu yeyote hajagusa mkono. Lakini mvutano wa nguvu huiongezea jeraha, na mfupa uliopasuka kidogo unaweza kuvunjika kabisa. Tena, maumivu hufanya misuli ikaze. Kadiri watu watatu wanavyovuta, ndivyo misuli inavyoshindana nao, na katika mashindano hayo anayeumia ni mwenye bega.

Wapo watakaouliza: mbona fulani alivutwa palepale na bega likarudi? Ni kweli, hutokea. Hata kuvuta mkono huku kisigino kikiwa kwapani ni njia ya kale, imo katika maandishi ya kitabibu ya Ugiriki yanayohusishwa na Hippocrates, ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lakini mtaalamu wa leo hupima kwanza hisia na mapigo ya damu, hupiga picha kuona kama mfupa umevunjika, humpa mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu na kulegeza misuli, kisha hulirudisha bega polepole. Uwanjani hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Aliyefanikiwa jana alibahatika, na bahati si tiba.

Hatari si ya wanamichezo peke yao. Mama mzee aliyeteleza bafuni akaangukia mkono anaweza kuwa amevunjika shingo ya mfupa huohuo wa mkono, na kwa macho ya kawaida utadhani bega limeteguka. Ukimkanda na kumnyoosha, unasugua mfupa uliovunjika.

Basi fanya hivi. Mwache mgonjwa aushike mkono katika hali ile inayompunguzia maumivu. Chukua kanga au kitambaa kipana, ufunge mkono huo ukiwa umetulia kifuani. Mvue pete na saa kabla vidole havijavimba. Ukipata barafu, izungushie kitambaa na uiweke begani. Maji ya moto na kuchua acha kabisa. Tazama vidole: vikiwa baridi, vimepauka au vimekufa ganzi, hiyo ni dharura kubwa. Usimpe chakula, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi. Kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kadiri kiungo kinavyokaa nje, ndivyo kazi ya kukirudisha inavyokuwa ngumu.

Na bega likisharudi, matibabu hayajaisha. Mkono hufungwa kwa muda atakaosema daktari, kisha hufuata mazoezi ya kuiimarisha ile misuli minne. Kijana anayeyapuuza na kukimbilia uwanjani anajiweka hatarini, kwani kwa vijana bega lililoteguka mara moja huteguka tena kwa urahisi.

Kipa wetu alifanyiwa upasuaji. Mfupa uliunga, lakini neva huchukua miezi kupona, na nyingine hazirudi kama zamani. Hadi sasa deltoidi yake ya kulia imesinyaa. Anapaka kuta mpaka usawa wa kifua. Dari anamwachia msaidizi wake, na malipo ya dari yanakwenda kwa msaidizi.

Makocha, manahodha na wazazi, wekeni kanga moja ndani ya mfuko wa mipira, na mkubaliane mapema nani ataita gari. Bega likiteguka, lifungeni na mkimbilie hospitali. Asilivute mtu.